Mama Drocella na Kitabu Kilichokawia Itebero

Jambo la kwanza nililoliona kwa Mama Drocella ni kwamba hakunitazama usoni. Alinitazama miguu. Ilikuwa mapema mwaka huu wa 1955, juma langu la kwanza Kalembe, nami nilikuwa nimetoka shule ya walimu majuzi tu. Viatu vyangu vilikuwa vimepakwa rangi vizuri, nikadhani anavishangaa.

"Unalala wapi, Mwalimu?" aliuliza.

"Hapa hapa, Mama. Nyumba ya pili nyuma ya shule."

Akafungua sanduku la vitabu vya kuazima, akanipa kijitabu chembamba cha ufugaji wa nyuki. Nilimwambia kwa adabu kwamba ningependelea riwaya, tena nene, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kusoma.

"Ile nene iko ya bantu ya mbali," alisema. "Weye iko jirani, kesho utarudi. Lakini muntu wa siku ine ya njia, nikimupa kitabu kidogo, atakimaliza mbele ya kufika kwake. Kisha atafanya nini? Atasoma majani?"

Nikaondoka na nyuki wangu.

Baadaye nilielewa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake. Udongo mweusi wa vilima vya Masisi ulimwambia kwamba msomaji ametoka karibu. Tope jekundu la msitu wa Walikale, likiwa limepanda hadi magotini, lilimwambia atafute kitabu cha kurasa nyingi. Hapo tu ndipo alipoinua macho na kuuliza mtu huyo ana shughuli gani, nani anaugua nyumbani, na mara ya mwisho alicheka lini. Kisha alichagua, na mara chache sana alikosea.

Mama Drocella hakusoma shule. Mumewe, marehemu Papa Michel, alikuwa katekista. Jioni Papa Michel alipoandaa mafundisho yake, mke alikaa ng'ambo ya meza akichambua maharage na kufuata kidole cha mume. Kwa hiyo alizijua herufi zikiwa zimesimama kichwa chini, na hata leo anaweza kusoma namna hiyo. Msomaji akifungua kitabu mbele yake, yeye anasoma kutoka upande wake wa meza bila kukigeuza. Mumewe alipofariki, alianza kushona kwa cherehani kwenye barza ya kanisa. Mwaka 1951 sanduku la vitabu lilipoletwa kutoka Goma, padri aliliweka pale pale, kwa sababu pale palikuwa na watu siku zote wakingojea nguo zao. Aliyengojea suruali alijikuta ameshika kitabu.

Siku moja nilimsikia akivutana na Papa Karangwa, mkulima mwenye sauti kubwa.

"Mama, minataka kitabu ya kweli," alisema Karangwa. "Dawa ya ngombe, ao mbolea. Ile ya hadisi ya uongo upatie banamuke."

"Papa Karangwa, ile ngombe yako, muntu alikuambia inatoa maziwa ndoo nzima, na weye ukaamini. Njo sababu unapashwa kusoma uongo. Utaujua ikikuja."

Barza nzima ilicheka, na aliyecheka zaidi ni Emérita, mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Emérita alipenda riwaya kuliko mtu yeyote kijijini, lakini alikuwa na tabia moja mbaya.

"Na weye usicheke," Mama Drocella alimgeukia. "Kinywa yako iko kitunga ya kutoboka. Kila mwisho wa kitabu unaumwanga njiani."

"Mama, mimi nasaidia tu bale hawana wakati!"

Mwezi wa saba ilikuja barua kutoka Goma. Nilimsomea kwa sauti, ingawa tayari alikuwa akiisoma kutoka ng'ambo. Ilisema kwamba Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane kamyo, yaani lori, italeta sanduku jipya, vitabu sitini ambavyo Kalembe haijaviona, na kuchukua lile la zamani. Sharti lilikuwa moja: la zamani liwe limejaa. Kikikosekana hata kitabu kimoja, sanduku jipya litapelekwa Shasha, kule ziwani.

"Shasha!" alisema Papa Karangwa. "Bale batafungia samaki na karatasi."

Pamoja na barua palikuwa na orodha ya vitabu vipya. Lazima niseme ukweli: Mama Drocella alianza kuvigawa siku ile ile, kabla ya kuviona. Kitabu cha magonjwa ya mifugo alimwahidi Karangwa. Riwaya ya mwuguzi aliyepanda milima alimwahidi Emérita, kwa kiapo cha kunyamaza. Mimi, jirani, niliahidiwa kitabu cha nyota, ambacho orodha ilisema kina kurasa arobaini. Katika juma moja vitabu vyote sitini vilikuwa na wenyewe, na watu walimsalimu njiani kwa kumkumbusha.

Ndipo tulipohesabu sanduku la zamani. Vilikuwa hamsini na tisa badala ya sitini.

Kilichokosekana ni *Fundi wa Saa wa Mlima Mweupe*, riwaya nene kuliko zote. Alikuwa amepewa Papa Polycarpe wa Itebero, mkulima na mwindaji wa msituni, aliyefika na tope hadi magotini. Alipaswa kukirudisha baada ya mwezi mmoja. Sasa ilikuwa miezi mitano.

Niliandika barua nzuri yenye tarehe, kanuni na neno "tafadhali" mara tatu, tukampa mchuuzi wa chumvi, Albert, ambaye hupita Itebero. Albert alirudi zikiwa zimebaki siku kumi na mbili. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Kitabu iko salama," alisema. "Ameifunga ndani ya jani, ameitundika yulu ya moto, wadudu wasiikule. Ameisoma mara tatu. Ameisomea hata bazee. Lakini anasema hajakuwa tayari kuirudisha."

"Tayari namna gani?" nilisema. "Si ni kukibeba tu?"

"Mwizi huyu!" alisema Karangwa.

Mama Drocella alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Albert, mitego yake inakamata?"

"Haikamati kitu. Tangu mvua ile, hakuna nyama. Nguruwe ya pori imemaliza mihogo. Hata asali haiko."

Mama Drocella alishika kichwa. "Njo ile! Muntu huyu iko na haya. Na kosa ni yangu."

Kila mtu wa nchi hii anajua kwamba kitunga cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa njegere ndani yake, utakirudisha na ndizi, au mayai, au japo kuni chache. Basi wasomaji wa Kalembe, bila kuambiwa na mtu, walikuwa wakirudisha vitabu namna hiyo hiyo. Papa Polycarpe aliona siku aliyokuja: mmoja alirudisha kitabu na mayai mawili juu yake, mwingine na kibakuli cha maharage. Mama Drocella alipokea yote kwa tabasamu. Na yeye, mgeni, alipewa kitabu kizito kupita vyote. Angekirudisha na nini, na kwake hakuna hata asali?

"Miaka ine mimi nakula mayai ya vitabu," alisema Mama Drocella, "na sikujiuliza hata siku moja."

"Kwa hiyo yangu unirudishie," alisema Emérita.

"Yako ilikuwa imeoza, nyamaza."

Kisha alinigeukia. "Mwalimu, barua yako ilikuwa muzuri sana, lakini haikuwa na mulango. Andika tena. Sema hivi: kitabu ya Kalembe inarudi na maneno matatu tu. Inasema nini, ilikupendeza wapi, na nani mwingine aisome. Njo zawadi yake. Mayai hatutaki tena."

Niliandika kama alivyosema, bila kuongeza hata neno. Albert akageuza njia siku ile ile. Kwenda siku nne, kurudi siku nne. Tulihesabu kwa vidole na tukaona inatosha, mito isipofurika.

Siku ya nane hakuja mtu. Siku ya tisa vilevile. Mama Drocella alishona vifungo vya shati la Karangwa mgongoni badala ya kifuani, na Karangwa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alivaa alichopewa.

Jana, Ijumaa, saa nane mchana, Papa Polycarpe aliingia barzani. Ni mtu mrefu, mpole. Alitandaza mikono yake ili wote waone kwamba haina kitu ila kitabu kilichofungwa kwa jani la msitu, akainamisha macho.

"Mama, mito ilinichelewesha. Nimekuja na kinywa tu."

"Papa, kinywa njo tulikuwa tunangojea. Kaa."

Alikaa, na maneno matatu yakachukua mchana mzima. Alitueleza fundi aliyepanda mlima kutengeneza saa ambayo watu wa huko walikuwa wameisahau. Alisimama kila mahali palipompendeza, akaiga sauti za watu wa kitabuni, hata wazee waliokuwa wakipita wakaja kuegemea ukuta. Alipokaribia mwisho alinyamaza.

"Na kisha?" alipiga kelele Emérita. "Saa ilipona ao haikupona?"

"Dada, neno yangu ya tatu: hii kitabu aisome weye. Mimi sikutembea njia yote hii nikumwangie mwisho."

Vicheko vilifika hadi shuleni. Mama Drocella alikiweka kitabu sandukuni, akahesabu kwa sauti hadi sitini, akafunga kifuniko na kukikalia. Ndipo Emérita alipotambua kwamba kitabu hicho kinaondoka na kamyo, akalia kweli kweli, hadi Papa Polycarpe akamwahidi kumnong'oneza mwisho, kwa masharti.

Leo ni Jumamosi. Naandika haya nikiwa barzani, kwa kuwa hakuna mwanafunzi wala mwalimu aliyeweza kukaa nyumbani. Papa Polycarpe hajarudi Itebero. Mama Drocella ameshamtazama miguu na kumwekea alama kwenye orodha, riwaya ya kurasa mia tatu na themanini iliyokuwa imeahidiwa mtu wa karibu. Papa Karangwa amepanda kwenye kilima na shati lake la vifungo vya mgongoni, atupigie kelele akiiona kamyo. Sasa hivi ameinua mkono. Labda anafukuza nzi. Wote tumesimama.