Kadi ya Wataalamu

Mwaka 1998 Weris alikuwa opereta wa kompyuta katika ofisi moja ya msaada wa chakula mjini Garissa, na hasira zilikuwa zimemfika kooni. Ungekuwa wewe je?

Mafuriko yalipomaliza mifugo, ni yeye aliyeingiza majina ya watu wa Sangailu, familia mia mbili na ushee. Kila jina lilikaa kwenye diski mbili kwa pamoja, na kazi ya kunakili ilifanywa na programu tu. Mashine ikifa, unachomoa diski yoyote, unaichomeka kwenye mashine nyingine, kazi inaendelea.

Lakini mkuu wake, Shuaib, akarudi kutoka semina Nairobi na kadi ya bei mbaya ya kuchomekwa ndani ya kompyuta, eti ndiyo itakayoziongoza diski. Programu, akasema, ni ya watu wanaochezea kompyuta nyumbani. Wataalamu hutumia kadi. Weris akauliza, kadi ikiungua je? Akachekwa mbele ya watu. Akaamriwa ahamishe kila kitu na kufuta mpango wa zamani, naye kwa ujinga wake akafuta. Hilo hakujisamehe.

Joto la Machi likaichoma kadi. Diski zote mbili nzima, na hakuna mashine nyingine iliyoweza kuzisoma, maana kadi ile iliziandika kwa namna yake yenyewe. Ni kama ngamia waliozoea mwito wa mchungaji mmoja, naye amekufa: unawaona pale, hawaji. Kadi ya aina ile ilitoka ng'ambo, majuma matatu. Na bila orodha iliyotiwa sahihi, stoo haifunguliwi. Shuaib akasema watu wasubiri. Wasubiri wakila nini?

Mzee Alio wa Sangailu alikuwa langoni siku ya tano. Weris akamtolea diski moja, akamweleza kwamba majina yote yamo humo. Mzee akaipima mkononi, akamwita dada kwa Kisomali.

"Abaayo, mke wangu yumo?"

"Yumo, adeer," akamjibu kwa heshima, kama mtu na ami yake.

"Basi mpe chakula chake."

Weris akafungua daftari. Alio akataja watu boma kwa boma, kila mmoja na baba yake, babu yake, na babu wa babu yake. Akina Mohamed Abdi kumi na wanne hawakuchanganyika hata kidogo. Kufikia alasiri orodha ilikuwa imetimia, na mahali pa sahihi ya mkuu, Weris akatia yake.

Malori yakaondoka. Barua ya kumfuta Weris kazi, Shuaib aliiandika kwa mkono, maana kadi mpya ya kuifufua kompyuta ilikuwa bado haijafika.