Mkono wa Mwisho wa Mzee Pankrasi

Jamani, mimi nimekuta mengi chini ya boneti. Nimemkuta panya na watoto wake sita. Nimekuta kijiko cha chai. Lakini injini kubatizwa, hiyo niliiona Jumatano moja tu, kwa macho yangu haya mawili.

Saa nne asubuhi Mwalimu Ekaristia aliingiza gari lake gerejini kwetu, Bombambili. Akashuka bila hata salamu, akafungua boneti mwenyewe, akatoa kwenye mkoba chupa ya maji ya baraka.

Akanyunyiza.

Injini ilikuwa ya moto. Ikajibu: tsssss! Mvuke ukapanda.

"Mmeona?" akapiga kelele. "Mmeona wenyewe? Kile walichonitupia kimetoka!"

Fundi wetu wa umeme, jina lake Leo, mtu wa miraba minne, aliruka nyuma mpaka akakalia betri.

Mimi Mwislamu, sikujua niitikie amina au nikimbie. Nikabaki nimeshika spana.

Ngoja niwaeleze, maana mkiishia hapo mtasema Zuhura kachanganyikiwa.

Mimi ni fundi magari. Ndiyo, mwanamke. Kwetu ni Tunduru, Songea nilikuja kusoma ufundi nikabaki. Miaka mitatu sasa niko gereji ya Mzee Pankrasi, na oili imeshaingia kwenye kucha zangu haitoki hata kwa jiki.

Gari la Mwalimu limetoka Ulaya. Walimu wenzake wanaendesha vigari ambavyo spea zake hata muuza nyanya anaweza kukuuzia. Yeye akasema hapana, anataka la peke yake. Akalipata, na magonjwa yake akayapata peke yake.

Kwenye injini ile, filta ya oili haining'inii wazi kama tulivyozoea. Inakaa ndani ya kikombe cha plastiki, nasi tunakiita hausingi. Kimefungwa ubavuni mwa injini kwa boliti tano, na kati yake na chuma kuna mpira wa kuzuia oili isitoke.

Plastiki hiyo, miaka yote inapikwa na injini. Lazima ichoke.

Basi wiki moja kabla ya ule ubatizo, Mwalimu alikuja kulalamika kuwa uani kwake Matogoro kuna doa la oili kila asubuhi. Nikachungulia na tochi, nikaona hausingi imechanika. Tukaagiza mpya Dar, ikaletwa kwa basi, nikaifunga kwa mikono yangu. Kazi safi.

Siku nne tu, inavuja tena.

"Hausingi mpya, Zuhura!" akasema Mwalimu. "Mpya kutoka kwenye boksi! Kama si mkono wa mtu, ni nini? Kuna mwalimu pale ofisini tangu ninunue hili gari hanisalimii."

Kumbuka hapo wiki ilikuwa inaishia pabaya. Jumamosi, mwanawe wa pekee, Optatus, alikuwa anaweka nadhiri za utawa kule Hanga. Mwalimu alikuwa ampakie mama yake mzee ambaye miguu haimtii, masufuria mawili ya pilau, na shangazi asiyejua kunyamaza. Basi lisingewafaa.

Nikafungua hausingi. Kweli, ilikuwa imepasuka kwenye kona, jirani na boliti ya juu. Mpasuko wa kukazwa kupita kiasi. Huo hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anaujua.

Hapo ndipo shetani alipokaa begani kwangu.

Maana pale gerejini tuna desturi. Gari halitoki bila mkono wa mwisho wa Mzee Pankrasi. Ukimaliza kazi, unarudi nyuma hatua tatu, unasimama na mwenye gari, mikono nyuma kama upo paredi. Mzee anakuja taratibu, anainama ndani ya boneti, anaweka spana kwenye boliti ya mwisho. Mishipa ya shingo inamsimama. "Nghhhh!" Kisha anafuta spana kwa kitambaa, anamwambia mteja neno moja: "Nenda."

Wateja wanaipenda hiyo, si mchezo. Kuna mmoja wa Lusewa alikataa kuondoka, akasubiri Mzee atoke msibani ndipo achukue gari lake. "Mzee amepitisha mkono?" Hilo ndilo swali. Kama fundi ni nani, hakuna anayeuliza.

Na mimi iliniuma. Niseme ukweli, iliniuma sana. Unalala chini ya gari siku nzima, oili inakudondokea jichoni, halafu mtu anaguna mara moja na sifa zote anabeba yeye.

Tena mzee mwenyewe ujanani alikuwa anatengeneza malori ya tumbaku. Vyuma vitupu. Mikono yake ile akishika chupa ya soda, chupa haionekani. Mkono kama huo ukutane na plastiki?

Nikajisemea, nimekupata.

Nikamvuta Mwalimu pembeni, Leo naye akajisogeza kama anatafuta waya.

"Mwalimu, hapa hakuna uchawi," nikanong'ona. "Ni Mzee. Anakaza plastiki kama anakaza lori. Umri nao. Ila usiseme."

"Kumbe!" akasema Mwalimu, akafunika chupa yake.

"Mimi niachieni. Ijumaa inakuja hausingi nyingine. Nitaifunga mwenyewe, na ikivuja tena, navua hii ovaroli mbele yenu. Sigusi spana tena Songea hii, narudi Tunduru kulima korosho."

"Mbele yetu?" Leo akauliza, macho yanamng'aa.

"Mbele yenu. Wallahi."

Maneno yakishatoka hayarudi mdomoni. Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wanasubiri upepo wa matairi nao walisikia. Mpaka jioni mtaa mzima ulijua kiapo cha Zuhura.

Ijumaa asubuhi basi likaleta mzigo. Nikafunga hausingi ya pili kwa adabu zote. Boliti moja moja, kwa kupishana, nguvu kidogo kidogo, kama kikaratasi cha kwenye boksi kinavyotaka. Nilipofika mahali pa kukaza sana, nikaacha.

Likabaki tatizo la Mzee. Nitamzuiaje kupitisha mkono mbele ya mteja? Ni kumvunjia heshima.

Nikapata akili, au niliyodhani ni akili. Pembeni ya hausingi, injini ina tundu lenye nyuzi ambalo halifungi kitu chochote. Wazungu wenyewe ndio wanajua kwa nini waliliacha. Nikatafuta boliti ya saizi yake, nikaichomeka pale. Ikapendeza, ungesema ilizaliwa hapo.

"Shikamoo, Mzee. Tayari. Imebaki hii moja tu."

"Marahaba, mwanangu."

Akainama. Akaitazama ile boliti. Akanitazama mimi. Akaitazama tena boliti.

Nikajikausha. Nikarudi nyuma hatua tatu, mikono nyuma.

"Nghhhh!"

Akafuta spana. Lakini hakusema "Nenda." Alisema, "Washa."

Leo akawasha. Dakika ya kwanza, kavu. Ya pili, kavu. Nikaanza kutabasamu, Mwalimu akaanza kumpigia shangazi yake simu.

Dakika ya nne, chini ya hausingi pakang'aa. Ukatoka uzi mwembamba wa oili, ukashuka polepole, tone la kwanza likaanguka kwenye sakafu ya gereji. Likafuata la pili.

Nikaishiwa pozi. Masikio yakawa yanaunguruma kama jenereta. Mwalimu aliangalia lile doa, kisha akaniangalia mimi, machozi yanamlenga.

"Zuhura, kesho ni nadhiri za mwanangu."

Mzee hakukaza chochote, nilimpa boliti ya uongo. Sasa nani kavujisha?

"Zima," akasema Mzee Pankrasi. "Ipoe. Halafu fungua."

Tulisubiri karibu saa nzima. Nikafungua boliti zote tano, nikaitoa hausingi. Safi, nzima, haina hata mkwaruzo.

Mzee hakuigusa. Aliingiza mkono wake mkubwa kule ndani, pale kwenye chuma cha injini ambapo hausingi inakaa, akafumba macho, akapitisha kidole taratibu kuzunguka.

Kikasimama.

"Lete kidole chako," akaniambia.

Nikapeleka. Nikasikia kiukingo chembamba kama ukucha. Kilikuwa cheusi sawasawa na uchafu wa injini, kwa macho usingekiona.

Mzee akachonga kijiti cha mwanzi, akachokonoa kile kiukingo. Kikaanza kubanduka kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, kikatoka chote duara zima. Kilikuwa mpira wa hausingi ya zamani, ile ya kwanza kabisa iliyotoka na gari kiwandani. Ulikauka ukagandia kwenye chuma, na mimi nikafunga mpya juu yake. Mara mbili!

"Hausingi ya kwanza alifungua nani?" Mzee akauliza.

"Mimi."

"Nani alifuta pale inapokaa?"

"Mimi, Mzee. Nilipitisha kitambaa."

"Basi mpira mpya ulikalia mpira mzee. Hausingi ikakaa upande. Safari ya kwanza ukaona haijakaa vizuri, ukaongeza nguvu. Ikapasuka. Safari hii hukuongeza, ikavuja."

Nikakumbuka. Wallahi nikakumbuka kabisa siku ile nilivyoongeza robo mzunguko kwenye boliti ya juu, na jinsi nilivyojipongeza.

Mwalimu Ekaristia naye, Mungu ampe maisha marefu lakini ampunguzie mdomo, akasema kwa sauti ya darasani:

"Aaa! Kumbe si wewe, Mzee! Zuhura alituambia ni mkono wako, eti umezeeka!"

Leo ghafla akawa na kazi nyingi sana kwenye betri isiyo ya mtu.

Ningepata shimo ningeingia na ovaroli yangu. Badala yake nikaanza kuifungua vifungo. Kiapo ni kiapo, na hata bila kiapo nisingeweza kumtazama yule mzee usoni. Alinipokea wakati gereji nne zimenicheka.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nimeapa, Mzee."

"Hujamaliza kazi. Hilo gari litajifunga lenyewe? Kama ni kuvua, utavua likitoka kavu."

Nikafunga vifungo. Nikasafisha pale mahali kwa kitambaa, kwa kijiti, kwa kidole. Kidole nilikipitisha kama mara ishirini. Nikaweka mpira mpya, hausingi ikakaa yenyewe, taratibu, haikuhitaji kusukumwa. Nikazikaza boliti tano, nikaing'oa ile boliti yangu ya uongo nikaitia mfukoni.

Kisha nikasema, "Mzee, tafadhali, mkono wa mwisho. Boliti ya kweli safari hii."

Nikaanza kurudi nyuma.

"Usiende," akasema. "Shika tochi. Sogea."

Miaka mitatu hajawahi kuniambia nisogee. Nikainama naye ndani ya boneti, kichwa kwa kichwa. Akaweka spana. Mishipa ya shingo ikamsimama, jasho likamtoka, "Nghhhh!"

Nilikuwa nimemulika ile boliti. Haikusogea hata unywele.

Nikatazama vizuri. Mkono mmoja unavuta spana, mwingine umeizuia kwa ndani. Nguvu zote zile zilikuwa zinapigana zenyewe kwa zenyewe.

Nikafungua mdomo.

"Funga," akaninong'oneza. "Mwenye gari anaangalia."

Akafuta spana, akainuka, akamgeukia Mwalimu. "Nenda."

Gari lilinguruma nusu saa nzima. Chini pakavu. Jumamosi saa tano Mwalimu alinitumia picha kutoka Hanga. Optatus amevaa kanzu yake ya utawa, bibi amekaa mbele kwenye kiti, shangazi mdomo wazi, wote wanacheka. Nililia peke yangu, nikamwambia Leo ni vumbi.

Ila ile Ijumaa, wakati tunanawa mikono kwa Omo, sikuvumilia.

"Mzee, kumbe leo hukukaza?"

"Sijakaza."

"Na ile ya wiki iliyopita?"

"Sijakaza."

"Tangu lini, Mzee?"

Akasugua vidole vyake kimoja kimoja, hana haraka.

"Tangu gari lako la nne. Nilikagua boliti zako, nikakuta zote ziko sawa. Ya tano sawa, ya sita sawa. Nami nikaze nini tena? Miaka mitatu sijaongeza nguvu kwenye boliti yako hata moja, mwanangu. Naguna tu, ili wateja wasikuulize, wewe mwanamke umekaza kama nani."

Nimeandika haya nikiwa nimekaa kwenye tairi pale pale gerejini. Wewe unayesoma, kazini kwako yupo mtu unayeamini anakubania na kukubebea sifa. Labda ni kweli. Lakini kabla hujamsema kwa watu, rudi pale ulipopita wewe, upitishe kidole. Mimi nilimsema vibaya mtu pekee Songea nzima aliyekuwa ananiamini kuliko ninavyojiamini.