Mawe Meupe ya Ajida

Nimeolewa na askari, na kwa miaka zaidi ya thelathini sikuwahi kukaa katika nyumba yenye jina la mtu. Nyumba za kambi zina namba. Mlangoni wanapaka matrikule ya bwana, yaani namba yake ya jeshi, na kwisha: wewe, watoto, sufuria na kuku wako, wote mnakuwa mali ya ile namba. Nilipokwenda bombani, wanawake walisema, "Angalieni, bibi ya sifuri-tisa anakuya." Mimi niliyepewa jina zuri la nyanya yangu mzaa mama! Jina langu lilibaki la kanisani, na la kwenye karatasi za hospitali nilipozaa.

Mume wangu alipostaafu, akiwa na cheo cha ajida, tulipanga nyumba hapa Kamina, ng'ambo ya reli. Matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, mti wa avokado nyuma. Bati lilivuja mahali pamoja tu, na mahali penyewe nilikuwa nimepajua, nikaweka ndoo. Tukakaa miaka sita bila mtu kutusumbua.

Kisha bei za nyumba zikashikwa na wazimu. Watu wenye pesa za migodi walianza kutoka Kolwezi kuja kununua viwanja kwetu kama mtu anavyonunua mikate. Makomisioneri, wale watu wa kutafutia wenzao nyumba, ambao zamani walisinzia sokoni mchana kutwa, sasa walitembea na simu mbili mbili, wakichungulia juu ya kuta za watu. "Mama, hii nyumba iko ya kuuzisha?" Nikawajibu, "Weye njo wa kuuzishwa!" Mmoja alikimbia akaacha kandambili.

Siku moja, mwezi wa nane, mwenye nyumba akaja na kofia mkononi. Ni mwalimu mzee wa Kimethodisti, mtu wa haki, ndiyo maana hata kumtukana sikuweza.

"Mama," akasema, "kuko muntu wa Kolwezi anaitaka. Lakini benye kukaa ndani njo banyinyi. Nitabangojea mpaka mvula ya kwanza. Mukikosa, nitamuuzishia yeye."

Mvua ya kwanza hapa kwetu haitumi barua. Inakuja siku inayotaka. Na mimi niliitaka ile nyumba, niseme wazi. Niliitaka kuliko nilivyomtaka mume wangu siku ya harusi, na siku ile nilimtaka sana.

Njia ilikuwa moja. Koperative ya askari wastaafu ilikuwa imeanza kutoa mikopo ya nyumba: unakatwa kwenye pensheni kidogo kidogo, nyumba inakuwa yako. Ila kwanza anakuja mkaguzi kutoka Lubumbashi. Akiandika kwamba nyumba ni nzima na haina kesi, mwenye nyumba analipwa, nanyi mnabaki.

Sasa mtu aliyekaguliwa na makamanda maisha yake yote, ukimwambia kwamba nyumba yake itakaguliwa, usitegemee alale. Kesho yake, kabla jogoo hajawika, nikasikia kwaru-kwaru nje. Bwana anafagia kiwanja, tena kwa mistari. Mchana akaleta mawe kwa toroli, akayapanga pande zote mbili za njia toka barabarani mpaka mlangoni, akayapaka chokaa. Mti wa avokado akaupaka chokaa mpaka usawa wa magoti, kama miti yote ya kambi. Choo, chokaa. Niliacha nje kinu changu cha kutwangia sombe, majani ya mihogo, nikaingia kutafuta mchi, nikatoka nikakikuta cheupe.

"Baba! Hata kinu?"

"Mukaguzi akiona kinu kichafu, atafikiria nini?"

"Atafikiria tunakula!"

Hakusikia. Akajenga kibanda cha zamu langoni kwa mabati ya zamani, akamweka humo rafiki yake, kaporali mstaafu mwenye goti bovu, ambaye alikubali kwa furaha kwa sababu kwake hakuna anayemsikiliza. Mwishowe akasimamisha mlingoti, akapandisha bendera.

Na sisi Wakongo mnatujua: bendera ikipanda, unasimama. Kila asubuhi mume wangu alipuliza filimbi, na barabara yote ikaganda. Waliosukuma mkaa kwa baiskeli wakasimama. Wanafunzi wakasimama, wakachelewa shule. Mama muuza mikate alisimama na beseni kichwani, akinitazama kwa jicho la kuuliza yeye amemkosea nini Mungu. Nami nilisimama mlangoni na mwiko, nikiunguza uji. Mazoea yana taabu, walisema wazee, na taabu yenyewe niliolewa nayo.

Mkaguzi akafika kwa pikipiki, kijana mwembamba mwenye tai, asubuhi, saa ile ile ya filimbi. Kaporali akamrukia langoni kwa goti lake zima.

"Simama! Unaenda kwa nani? Uko na karatasi?"

Kabla hajajibu, filimbi ikalia. Kijana wa watu akasimama wima, kofia ya pikipiki kifuani, mpaka bendera ikafika juu. Kisha mume wangu akapiga hatua tatu, akapiga saluti, akapaza sauti hadi avokado moja ikaanguka: "Nyumba iko tayari kwa ukaguzi! Byumba tatu, milango ine, bintu yote iko mahali yake!"

Mkaguzi akatazama mawe. Akatazama mti, kibanda, kinu. Akanisogelea polepole.

"Mama, samahani. Hapa njo wapi?"

"Hapa njo kwetu," nikasema.

Akaandika muda mrefu. Mume wangu alipomwona anaandika namna ile alinikonyeza, maana jeshini kamanda akiandika sana ni kwamba ameridhika.

Baada ya wiki jibu likaja: mkopo umekataliwa. Nyumba iliyokaguliwa ni kituo cha kijeshi, mali ya serikali, haiwezi kuuzwa wala kununuliwa na mtu yeyote. Siku ile ile mwenye nyumba akaja mbio, na safari hii kofia alikuwa ameisahau kwake.

"Mama! Banasema nyumba yangu iko ya Leta, ya serikali! Nilijenga na mikono yangu, sasa iko ya Leta?"

Yoo, mama wee! Nilimgeukia mume wangu nikamwambia yote, ya mwaka huu na ya miaka ile ya kambi. Nilimwambia kwamba nimehama mara kumi na moja nyuma yake na godoro kichwani, na sasa nimepata mlango mmoja tu wa kuufia, naye ameupaka chokaa mpaka ukapotea. Huko angani mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Bukama.

Alikaa juu ya kile kinu cheupe. Hakujitetea. Akasema tu, "Minyi sijui namna ingine. Kwetu jeshini, kintu ukikipenda, unakipaka chokaa."

Nilikwenda jikoni kulia, na nililia kwa hasira na kwa huruma, sikujua ipi ilikuwa kubwa.

Asubuhi nikafunga kitambaa nikaenda mwenyewe ofisi ya koperative, nikakaa pale mpaka walipochoka kuniona. Wakakubali: mkaguzi bado yuko Kamina, atapita tena Alhamisi, lakini akute nyumba ya raia.

Tukaanza kuibomoa kambi. Chokaa ya mawe haikutoka, tukayageuza moja moja, upande mweusi juu. Kibanda cha zamu tukawapa kuku. Kinu nilikisugua kwa mchanga mpaka vidole vikavimba. Bendera aliishusha mwenyewe, akaikunja pembe kwa pembe, akaiweka sandukuni chini ya nguo zangu za kanisa, na sikumharakisha. Kilichobaki ni kumfundisha yeye.

"Kaa," nikamwambia, nikimwonyesha kiti barazani.

Akakaa, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti.

"Kaa vibaya!"

"Vibaya namna gani?"

"Kama bwana ya jirani!"

Tulifanya mazoezi siku mbili. Nilimvalisha singlendi yenye tundu, nikampa redio, nikamwekea mguu mmoja juu ya kibao. Nilimwaga maganda ya mihogo uwanjani kwa makusudi, na aliyatazama kwa uchungu kama mtu anayetazama msiba wa ndugu.

Alhamisi mkaguzi akaja. Kaporali tulikuwa tumemfungia kwake na chupa ya lutuku, pombe kali ya kienyeji. Mume wangu alikaa vibaya kabisa, nikajivunia. Mkaguzi akapima kuta, akauliza kuhusu bati, nikamwonyesha ndoo yangu kwa heshima zote. Kisha akafungua karatasi ya mwisho.

"Nyumba ikisha kununuliwa, itaandikwa kwa jina ya nani? Chef, mukubwa ya hii nyumba, njo nani?"

Nikaona visigino vya mume wangu vinatafutana chini ya kiti. Nikaona kifua kinapanda. Ile matrikule ilikuwa imefika kooni, nilikuwa nikiisikia karibu: sifuri, tisa... Nikafumba macho, nikasema moyoni, Vidye, Mungu wangu, kwaheri nyumba.

"Njo huyu mama," nikasikia. Nikafumbua macho. Alikuwa ananionyesha kwa kidole. "Minyi niko bwana yake."

Mkaguzi akauliza jina langu, nikalitaja polepole, kama mtu anayelitaja mara ya kwanza.

Jibu lilikuja baada ya siku sita. Mume ndiye atakayekatwa pensheni, nyumba ni ya mke. Mwenye nyumba alituletea kuku kwa furaha ya kuachiwa na Leta. Yule mtu wa Kolwezi alikwisha kununua kwingine. Mvua ya kwanza ikanyesha siku mbili baadaye, ikajaza ndoo yangu mahali pale pale, nami nikaenda sokoni nikiimba.

Niliporudi nikamwona bwana yuko mlangoni, kopo la chokaa mkono mmoja, brashi mkono wa pili. Nilidondosha kapu.

"We baba! Acha! Acha hiyo chokaa!"

Hakugeuka. Nikafika mbio, nimeinua mkono tayari, ndipo nikaona anachoandika. Haikuwa namba. Lilikuwa jina langu, lote, lile la nyanya yangu, herufi nyeupe zimejipanga juu ya mlango kama askari kwenye gwaride.

Akarudi nyuma hatua moja, akaniangalia, akingoja ukaguzi.

Nikamwambia herufi ya mwisho imepinda. Haikuwa imepinda.