Mnazi wa Kwenye Debe

Nafundisha historia, na mada iliyonipa taabu kuliko zote ni ya makabaila wa Urusi na watwana wao. Si kwamba ni ngumu. Ni kwamba mama alikuwa akinisikiliza nikijisomea kwa sauti, naye kunyamaza hakuwezi.

"Kwa hiyo walilima shamba la bwana, wakakaa humo humo, na halikuwa lao?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa hao wana tofauti gani na sisi?"

"Sisi hatuuzwi pamoja na shamba."

"Haya. Na minazi yao?"

"Urusi kuna baridi, mama. Hakuna minazi."

"Basi walipanda nini cha kudumu?"

Nikajifanya natafuta kalamu.

Sisi tunakaa kijijini Ganda, kwenye shamba la familia moja ya Shella, mjini, tangu enzi za babu. Mahindi na mihogo, ruhusa. Mnazi, mwembe, nyumba ya mawe, hapana, kwa sababu mwenye mti wa kudumu hafukuzwi kirahisi. Mama akapanda mche wa mnazi ndani ya debe la mafuta. Msimamizi wa shamba akija, anaambiwa, "Umo debeni, shambani haumo." Ubishi wa mama usikie tu.

Mwaka jana mwenye shamba alifariki, na mjane wake akaja mwenyewe kuangalia mali. Niliogopa sana, watu wa shamba la jirani walikuwa wameshahamishwa. Mama alimwamkia shikamoo, akampa kiti. Bibi yule akauona mnazi, akalisukuma debe kwa mguu. Halikusogea. Chini lilikuwa limeoza, mizizi imeshaingia ardhini, na mama alikuwa akijua siku zote.

"Nani kaupanda?"

"Mimi," mama akasema. "Nimezaliwa hapa, wazazi wangu nimewazika hapa. Nimechoka kupanda vya msimu."

Bibi aliinama, akashika kuti. "Likateni debe hili, linaukaba. Mnazi ni wako."

Mimi nilikuwa tayari kushukuru. Mama hata kidogo. Huku kwetu mnazi unaweza kuwa wako na ardhi ikawa ya mwenzio.

"Na pale mnazi uliposimama, bibi? Na nyumba?"

Nikatamani kumziba mama mdomo. Bibi akanigeukia mimi. "Wewe si mwalimu? Andika. Mnazi na pale ulipo, na kiwanja cha nyumba."

Niliandika kwenye daftari la somo, baada ya ukurasa wa Warusi. Bibi akatia sahihi, mama akatia kidole. Hati yenyewe bado tunaifuatilia ofisi ya ardhi, ila ukurasa ule wameupokea.

Debe nililikata mwenyewe kwa tindo. Mama alinisimamia akinifokea nisiumize mizizi, na mkononi ameshika mche wa mwembe, hauna debe.