Jazi Haiandikwi

Baba alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Alipoumia mguu alilazwa katika hospitali ya jeshi huko Bara Hindi, na kwenye kitanda cha jirani alilala mwanajeshi mweusi wa Amerika, mpiga tarumbeta. Kwa miezi miwili mtu huyo alimfundisha baba kusoma noti, na siku ya kuagana akamwandikia wimbo wa jazi. Baba alirudi Embu na karatasi hiyo, akaihifadhi ndani ya Biblia.

Mimi nilisoma shule ya bweni upande wa Meru. Mwalimu wetu wa muziki, mama wa Kizungu mpole niliyempenda sana, alitufundisha kwamba jazi haiandikwi. Watu weusi wa Amerika, alisema, hawakujifunza chochote. Muziki uliwatoka tu, kama unavyomtoka ndege. Nikayaandika hayo daftarini na kuyapigia mstari. Sisi wenyewe tuliimba kwa do-re-mi. Noti za mistari mitano sikuwahi kuonyeshwa.

Likizo moja, wakati wa vita vya msituni dhidi ya wakoloni, nilikuta serikali imewahamishia watu wetu katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Asubuhi moja homugadi, wanamgambo wa serikali, walikuja kupekua. Wakaikung'uta Biblia, karatasi ikaanguka. Mkubwa wao aliigeuza juu chini.

"Hii ni nini?"

"Muziki," baba akasema. "Jazi. Nilipewa na Mwamerika."

"Hii ni barua ya waasi wa msituni." Kisha akaniona mimi na sare yangu ya shule. "Wewe msomi, huko mnafundishwa muziki?"

"Ndiyo."

"Jazi huandikwa hivi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema baba yangu si mwongo. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitano, na swali lile nililijua jibu lake.

"Tulifundishwa kwamba jazi haiandikwi."

Baba hakunitazama. Walimfunga mikono wakaenda naye, karatasi wakaichukua. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka.

Alikaa kizuizini miaka mitatu. Nilikuwa nimeingia chuo cha ualimu nilipofungua kitabu kimoja maktabani, nikaona mistari mitano na nukta zake kama kwenye ile karatasi ya baba, na juu yake neno jazi. Nilimkimbilia mkufunzi.

"Wengi wao walisoma noti tangu utotoni," alisema. "Waliandika na kuandikiana. Nani alikwambia vingine?"



Baba alirudi akikohoa, meno ya mbele hana. Nilimkuta anaota jua mlangoni, nikapiga magoti, nikamweleza yote.

"Nilikusikia siku ile," akasema. "Ulisema ulichofundishwa."

"Nisamehe, Baba."

Akaniomba uji. Nilienda kuukoroga. Niliporudi alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea ukuta. Alikufa kabla hatujapanda maharagwe, na neno lile hatukulizungumza tena.