Jina la Mtihani

Binti yangu sasa ni muuguzi, mtu mzima mwenye watoto wake. Kila karatasi aliyonayo, kuanzia cheti cha shule mpaka kitambulisho cha kazi, ina jina ambalo mimi na baba yake hatukumpa. Watu wakimsifu mbele yangu mimi hunyamaza. Wanadhani ni unyenyekevu.

Mtihani wa darasa la saba aliufanya mara mbili. Mara ya kwanza aliufanya kwa jina lake, hapa Singida mjini, na alifaulu. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mwanangu. Mwalimu wake alitamka kwa mdomo wake. Alifaulu lakini hakuchaguliwa. Nafasi za sekondari zilikuwa chache. Orodha ilipobandikwa niliisoma kutoka juu mpaka chini, kisha nikairudia kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayechambua mchele. Mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu na sare yake. Nilikasirika mpaka nikasahau kumpa pole.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Madukani kulijaa sabuni za kila rangi. Mume wangu, aliyekuwa akiuza vitambaa vya kupima kama baba yake, na kama babu yake aliyekuja na biashara kutoka pwani, alihamia kwenye mitumba kwa sababu vitambaa havikuwa tena na mnunuzi. Kila kitu kilipatikana isipokuwa dawati la kidato cha kwanza. Shule za watu binafsi zilikuwa zimeanza, lakini hazikuwa za watu wa meza ya mitumba.

Kurudia darasa la saba kulikatazwa, ila kila mzazi aliujua mlango wa uani. Unatafuta shule ya kijijini ambako mtoto fulani ameacha masomo huku jina lake likiwa bado kwenye daftari la mahudhurio. Wako anaingia mahali pake na kufanya mtihani kwa jina hilo. Waliopita hapo ni wengi, na wengine leo wanatuhutubia juu ya uaminifu. Mimi nilipata jina katika kijiji kimoja cha Iramba. Mwenye jina alikuwa ameozwa kabla hajamaliza darasa la sita, na mwalimu mkuu hakulifuta. Nadhani majina ya namna hiyo aliyatunza kama wengine wanavyotunza mbegu.

Mume wangu alikataa. Alikuwa mpole, hakupandisha sauti hata kwa wateja waliovuruga meza nzima na kuondoka bila kununua. Siku hiyo alisimama, akaniuliza mtoto wake aitwe wa mtu mwingine kwa kosa gani. Nilimjibu kwamba jina halijazi tumbo, kwamba hilo ni la mtihani tu, akishafaulu tutajua la kufanya. Nilisema mengi. Nilimwambia hata kwamba jina lake yeye tulishalijaribu na halikutufikisha popote. Neno hilo nalijutia mpaka leo. Alikaa, akaendelea kukunja mashati, nami kimya chake nikakichukua kuwa ruhusa.

Nilikwenda kumwamkia baba wa yule msichana, mkulima wa alizeti na mzee wa kanisa. Hakutaka chochote kutoka kwangu. Alisema huko alikoolewa binti yake hakuna anayemuuliza jina la shule, basi tulichukue. Nilipokuwa nimeshainuka kuaga ndipo aliponiomba jambo moja.

"Msilichafue tu, mama. Lilikuwa la mama yangu."

Nilipanga chumba pale kijijini, nikahamia na mtoto kuanzia Januari mpaka Septemba. Shuleni alishinda akipalilia shamba la walimu. Kusoma kulianza akirudi kwangu. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, lakini nilinakili maswali ya mitihani ya nyuma kwa mkono, Hisabati, Lugha na Maarifa, nikamkalia kooni. Akikosa sehemu anarudia, akikosa tena anarudia. Sikuwa mwalimu mzuri. Nilikuwa mama mwenye hasira na chaki.

Kisha kulikuwa na mtihani wangu wa pili, usio kwenye karatasi yoyote. Kijiji kizima kilijua mtoto huyu si yule, hata wenzake darasani walijua, lakini wasimamizi wa mtihani hutoka shule nyingine, na mkaguzi anaweza kuja siku yoyote. Kwa hiyo kila jioni, nikimsuka, nilimuuliza. Unaitwa nani? Baba yako nani? Anafanya kazi gani? Yuko hai? Dini yako? Majibu niliyomfundisha nilimwomba Mungu msamaha kwa kila moja, halafu nikauliza upya.

Kwenye jina la baba ndipo alipokwama. Alifungua mdomo, na lile la kweli lilikuwa limeshafika mlangoni. Nilimvuta nywele.

"Ukisita umekamatwa," nilimwambia. "Mtu hasiti kumtaja baba yake."

Akijibu vizuri yote nilimpa karanga za kukaanga kwenye kiganja.

Siku moja mume wangu alikuja kututazama, amemletea sweta aliyoichagua mwenyewe kwenye belo la mitumba. Alitukuta kwenye kazi hiyo. Ningeweza kuacha. Badala yake niliona ni jaribio zuri, maana kama angeweza kujibu mbele ya baba yake angeweza kujibu mbele ya yeyote. Nikamuuliza yote, mpaka nikafika kwenye kama baba yuko hai.

"Yuko hai, analima alizeti," mtoto alisema, macho yake yakiwa kwa baba yake.

Nilimpa karanga. Mume wangu alicheka kidogo, akatoka nje, akasema anakwenda kuulizia basi. Basi lilikuwa la kesho yake asubuhi, na alilijua hilo.

Mtoto alichaguliwa. Jina la bibi wa watu lilisomwa, tukachinja jogoo, na binti yangu akaenda shule ya bweni ya wasichana mkoa wa jirani. Barua ya kumwita shule baba yake aliisoma mara moja tu, akanirudishia niitunze mimi.

Binti yangu alikuwa kidato cha pili baba yake alipofariki. Kichwa kilimuuma asubuhi akiwa kwenye meza yake, alasiri hakujitambua, na kesho hakuiona. Shemeji yangu alipiga telegramu shuleni: baba amefariki, njoo haraka. Mimi mwenyewe, katikati ya kilio, nilimkumbusha aiandike kwa jina lile la shule. Mwishoni aliweka jina lake yeye na la ukoo. Tulizika kesho yake baada ya adhuhuri, tusingeweza kungoja. Siku ya tatu mtoto hakutokea, wala ya saba. Wanawake waliokuja kunishika mkono waliuliza yuko wapi, mtoto mwenyewe ni huyo mmoja. Niliilaani posta.

Alikuja shule zilipofungwa, nikiwa ndani, eda haijaisha. Nilianza kwa kumgombeza. Nilimwambia baba yake amezikwa na watu baki.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanieleza, sanduku likiwa bado mkononi. Muhula ule wasichana wawili walikuwa wamefukuzwa kwa majina ya kuazima. Mkuu wa shule alimwita ofisini akiwa ameshika telegramu na faili lake, na jina la aliyeituma halikufanana na lolote lililokuwa kwenye faili. Alimuuliza anaitwa nani. Akamuuliza baba yake ni nani, na anafanya kazi gani. Mwisho akamuuliza kama yuko hai.

"Nikamwambia yuko hai, analima alizeti," binti yangu alisema. "Akauliza hii telegramu ni ya nani. Nikasema wamekosea. Akaniruhusu nirudi darasani, tulikuwa na jaribio la Hisabati."

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilikuwa nimelea vizuri. Yeye alikuwa ananitazama vilevile alivyokuwa akinitazama nikimsuka, akingoja nimwambie kama amepata au amekosa.

"Sikusita, mama," alisema.