Vigingi vya Korongo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kunyoosha mstari.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, katikati ya miaka ya sabini, nikiishi kwa baba yangu mdogo karibu na Malaba. Chini ya boma letu palikuwa na kinamasi kisichokuwa cha mtu. Watu walilishia ng'ombe pale na kukata nyasi za kuezekea. Korongo wenye taji walitaga humo, jozi nne, na ng'ombe walikanyaga mayai. Habari za ndege nilijifunza kwenye kitabu kimoja kisicho na jalada, na kwa kukaa kimya majini.

Nikaamua kupiga vigingi kuzunguka viota, ili wachungaji wapite mbali. Baba mdogo alilipenda wazo hilo kuliko nilivyotarajia. Akanipa panga na kamba ya katani.

"Lakini mwanangu, usizungushe kiota kimoja kimoja kama mtoto anayecheza. Zungusha pote. Kazi ya mtu aliyesoma huonekana."

Sifa hiyo ilinilevya. Nilipima hatua kumi kutoka kigingi hadi kigingi. Kimoja kikipinda, niling'oa vya upande mzima nikaanza upya. Kona moja ilininyima raha wiki nzima.

"Kijana, unawajengea ndege boma?" aliniuliza mama mmoja aliyekuja kukata nyasi. "Na mahari utawalipia?"

Nikacheka naye. Msimu ule ng'ombe hawakuingia, na vifaranga sita wakakua.

Kisha ikaja kamati ya kugawa ardhi, wazee watano na mpimaji. Nilikuwa nimeandika ombi kwamba kinamasi kiachwe, nikalinakili mara tatu ili lisiwe na doa. Lilikuwa mfukoni. Mwenyekiti alishika kigingi, akakitikisa.

"Hivi amepiga nani?"

"Mimi, mzee."

"Unakaa kwa nani?"

Nikamwonyesha baba mdogo.

"Si niliwaambia?" akasema yeye, bila kunitazama. "Huu ni mpaka wetu. Kijana wangu ndiye anautunza."

"Ni vya korongo," nikasema.

Wazee wakacheka. Mmoja akauliza kama korongo wameleta shahidi. Ombi sikulitoa. Nilikuwa nimekumbuka neno moja, mstari wa pili, ambalo sikuwa na hakika nimeliandika sawa.

Mpimaji alifuata vigingi vyangu. Alizisifu kona.

Mwaka uliofuata baba mdogo aliliuza eneo lote kwa mwenye malori. Kifusi kikamwagwa. Sasa madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Uganda huegesha pale, na matingo, wasaidizi wao wa lori, huanika nguo.

Nilimuuliza baba mdogo kama alijua itakuwa hivi tangu siku aliyonipa kamba. "Na wewe," akajibu, "hukujua watu wetu wakiona kigingi wanaona nini?"

Nilijua. Nilidhani anajua vyangu ni vya nini.

Siku hizi nimepanga chumba Busia. Nikikuta kiota cha korongo sipigi alama yoyote, wala simwambii mtu wa nyumbani kiliko.